Neno "fine" limeniponza kazini mara tatu, naombeni ushauri

Mhudumu_Paje

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nahudumia wageni mezani kwenye hoteli moja pwani ya mashariki ya Unguja, huu mwaka wa pili. Kiingereza nilikisoma mpaka kidato cha nne na wageni nawasikia. Lakini kuna neno dogo, "fine", nililolijua tangu darasa la tatu tulipokuwa tukiitikia kwa pamoja "I am fine, teacher", na hilo ndilo linalonitia aibu mwezi huu.

Mara ya kwanza ilikuwa wakati wa chai ya asubuhi. Mama mmoja wa Kiingereza kikombe chake kimebaki robo, nikamuuliza nimwongezee kahawa? Akatabasamu: "I'm fine, thank you." Mimi nimesikia mzima, nzuri, ahsante, basi nikaona ni ndiyo. Nikamimina. Akaleta mkono kufunika kikombe nami nishaanza, kahawa ya moto ikamgusa vidole. Hakuungua, na alinisamehe palepale, ila siku nzima sikuwa na raha.

Mara ya pili, mzee mmoja nilimuuliza vipi pweza wa nazi, akajibu "It was fine." Nikakimbilia jikoni kumpa mpishi hongera. Kesho yake karatasi ya maoni inasema chakula ni cha kawaida tu, pweza mgumu. Na mlangoni kwetu pana kibao kimeandikwa "fine dining". Sasa neno hili ni la kitu bora au cha kawaida?

Ya tatu ndiyo inayoniuma. Nilimwandikia meneja wetu, naye ni mgeni kutoka Uingereza, kuomba tubadilishane zamu na mwenzangu siku ya Ijumaa nimpeleke mama kliniki. Akasema haiwezekani, hoteli imejaa. Nikaomba tena, na tena. Mwisho akajibu neno moja na nukta: "Fine." Nikafurahi, nikamshukuru, mama nikampeleka. Tangu Jumamosi hanisemeshi ila kwa kazi. Mwenzangu ananiambia ile haikuwa ridhaa, ilikuwa ni kukasirika. Je, nikamwombe radhi? Na siku nyingine nitajuaje?

BintiMakunduchi

Waalaykum salaam kaka. Pole sana, na mama anaendeleaje?

La kahawa lisikutie unyonge, maana hata sisi tunalo. Ukipita kwa watu wanakula wakakwambia "karibu", wewe unajibu "starehe". Mgeni wa bara anaweza kushangaa, starehe gani tena? Lakini sisi tunajua maana yake ni endeleeni, mimi sihitaji. Na ukiuliza mtu "nikuongeze wali?" akasema "ahsante" huku anasogeza sahani, utampakulia? Basi "I'm fine" baada ya kuulizwa utakalo au usilolitaka ndiyo "nimetosheka" yao. Haizungumzii afya hata kidogo. Wenye kukubali husema "yes, please". Usipoisikia "please", tua birika kwanza.

MwalimuMstaafu

Kijana, umeuliza swali zuri kuliko unavyodhani. Nimefundisha Kiingereza miaka mingi na tuliwakosea watoto kwa kuwapa neno hili kama jibu la salamu tu.

Asili yake ni Kilatini, "finis", yaani mwisho au mpaka. Kupitia Kifaransa cha kale likaingia Kiingereza kwa milango miwili. Mlango mmoja ulileta kitu kilichofikishwa mwisho wake, kilichokamilika kwa kazi: ndipo tunapata bora, safi, laini, chembamba. Unga uliochekechwa mpaka ukalainika ni "fine". Uzi mwembamba ni "fine". Siku ya jua isiyo na wingu la mvua ni "fine". Mlango wa pili ulileta malipo ya kumaliza shauri. Watu wakigombana mbele ya sheria, mmoja analipa, kesi imefika mwisho. Hiyo ndiyo faini yetu, tumeichukua na sauti yake nzima. Hata "finish", "final" na "finance" ni ndugu wa ukoo huo.

Kwa hiyo mgeni wako wa kahawa alikwambia amefika mpaka wake. Ukilishika hilo la mpaka, maana nyingi zitakaa mahali pake.

Mchenjuaji_Geita

Mwalimu kagusa kazi yangu. Huku kwenye dhahabu neno hilo lina kazi mbili na ukizichanganya unapata hasara. Kwenye bei za dunia wanasema wakia ya dhahabu "fine", maana yake uzito wa dhahabu safi peke yake, takataka na madini mengine yakiwa yametolewa. Wakia hiyo ni gramu 31.1. Dhahabu ya karati 18, kwa mfano, ina sehemu 750 za dhahabu safi katika kila 1,000. Lakini mtu akizungumzia mchanga akasema dhahabu ni "fine", anasema ni ya vumbi, chembe ndogo zinazoelea na kutoroka na maji kwenye karai. Moja usafi, nyingine udogo. Mimi huangalia kinachozungumziwa ni kipimo cha usafi au mchanga, najua mara moja.

Mjukuu_wa_Lamu

Niko Muscat. Naongeza moja kwa faida ya wanaotafuta kazi huku: "fine print" si chapa nzuri. Ni yale maandishi madogo chini ya mkataba. Binamu yangu aliyaruka, na humo ndimo ilimokuwa imeandikwa faini ya kuvunja mkataba kabla ya muda. Yasomeni, hata kama ni kwa kuazima miwani.

DadaLeicester

Mdogo wangu, nimeishi Uingereza miaka kumi na sita, nimefanya kazi kwenye nyumba za kutunzia wazee, kwa hiyo nakujibu lile la pweza na la meneja.

Waingereza wengi wanaona haya kusema chakula kibaya mbele ya aliyekileta. "Fine" likiwa peke yake kama jibu la "vipi?" ni "hakijaniudhi". Aliyefurahi kweli atasema "lovely", "delicious", "excellent", na mara nyingi atakitaja chakula chenyewe. Likitangulia jina la kitu, kama "fine dining" au "fine wine", hapo ndipo linakuwa sifa ya juu. Angalia limekaa wapi. Mimi siku hizi nikijibiwa "fine" nauliza tena taratibu, kuna chochote ungependa kibadilishwe? Hapo ndipo mzee anasema ukweli.

La meneja, sikiliza. "That's fine" au "Fine, no problem" ni ruhusa ya moyo mweupe. "Fine." moja, kavu, baada ya kukataliwa mara mbili, ni kama mkeo akikwambia "haya, sawa" halafu akageuka. Ruhusa umepata, kwa hiyo hukuiba siku. Lakini umemchosha. Usiandike ujumbe mrefu. Nenda mwone ana kwa ana, mwambie ilikuwa zamu ya kliniki ya mama na hukuwa na mtu mwingine. Je, ulimwambia hilo tangu mwanzo?

Mhudumu_Paje

Dada, hapo umenishika. Niliandika "family matter" tu. Niliona aibu kutaja ugonjwa wa mama.

BintiMakunduchi

Basi yeye kaona mtu anayeng'ang'ania mapumziko siku hoteli imejaa. Mwambie kaka.

MwalimuMstaafu

Naunga mkono. Na ukienda, usiseme "sorry" kumi. Sema sababu, kisha shukuru.

Mhudumu_Paje

Ndugu zangu, narudi na majibu. Nimemwona leo baada ya chakula cha mchana. Nilipotaja kliniki alishtuka, akaniuliza kwa nini sikusema mapema, na akanambia tarehe ijayo ya mama nimpe wiki moja kabla ataniwekea zamu ya jioni. Nikamuuliza, "Is that okay?" Akacheka, akasema "That's absolutely fine."

Mama anawasalimia. Jioni hii nimeulizia samaki wa kupaka kwenye meza tatu. Wawili wamesema "lovely". Mmoja kasema "fine", nikamuuliza tena kama dada alivyonifundisha, akasema pilipili imemzidi. Nimempelekea mpishi habari zote tatu.