Msaada: nitajuaje kirai cha "to" kinaeleza neno gani katika sentensi ya Kiingereza?

Mwanagenzi: Wakuu habari zenu. Najiandaa na mtihani wa Kiingereza, kuna jambo limenikwamisha. Sentensi ni hii: "The government announced a plan to reduce traffic." Swali linataka kujua "to reduce traffic" inaeleza neno gani. Nilijibu "announced", maana serikali imetangaza kwa lengo la kupunguza msongamano. Kumbe jibu ni "plan". Nimesoma maelezo mara tatu na bado sioni sababu. Ninyi mnaotambua haraka huwa mnaangalia nini?

KalamuNyeusi: Mkuu, itafsiri kwanza, halafu usikilize Kiswahili kinadai nini. Serikali ilitangaza mpango WA kupunguza msongamano. Ukiona panatakiwa wa, ya, cha au la baada ya nomino, kirai kinaeleza nomino hiyo. Sasa chukua "He opened the window to let in some air." Hatusemi alifungua dirisha la kuingiza hewa, tunasema alifungua dirisha ili hewa iingie. Panapodai "ili", kirai kinaeleza kitenzi.

BiSarufi: Jaribu pia kukipeleka mwanzoni. "To let in some air, he opened the window" inasimama vizuri, maana ni ile ile. Lakini "To reduce traffic, the government announced a plan" imegeuka: sasa ni kule kutangaza kwenyewe ndiko kunakopunguza magari. Hapo ndipo ulipoteleza, mdogo wangu. Ulitafuta lengo la serikali, na sentensi inakuambia mpango ni wa nini.

Mwanagenzi: Asante sana dada. Na hii je? "She bought a knife to cut the bread." Napata zote mbili: kisu cha kukatia mkate, na alinunua kisu ili akate mkate.

KalamuNyeusi: Zote mbili ni sahihi, na bila muktadha usikubali kulazimishwa uchague moja. Mwandishi anayetaka kisu tu kielezwe huongeza "with" mwishoni: "a knife to cut the bread with". Hiyo "with" ni sawa na ile -ia ya "kukatia": inamrudisha msomaji kwenye kisu. Mimi hufurahi kila nikiliona hili, lugha mbili zisizo na undugu zinashughulikia tatizo moja.

Msomaji77: Msisahau "She was too tired to speak." Hapo hakuna nomino ya kuelezwa wala lengo. Kirai kinategemea "too". Iondoe uone, "She was tired to speak" haisimami.

Mwanagenzi: Nimerudia maswali yote kumi. Mwanzo nilikosa sita, sasa moja tu: "Her decision to leave surprised us." Niliandika "surprised".

BiSarufi: Itafsiri kwa sauti.

Mwanagenzi: Uamuzi wake wa kuondoka... Nimeiona hiyo "wa", dada.