Sehemu mbili nikizijumlisha zinazidi 1: nakosea wapi?

Muuliza swali
Wakuu, naomba msaada. Katika klabu ya usomaji, 2/3 ya wanachama husoma riwaya, 3/5 husoma mashairi, na 1/10 hawasomi riwaya wala mashairi. Wanaosoma vyote viwili ni 22. Klabu ina wanachama wangapi?

Nilijumlisha 2/3 + 3/5 nikapata 19/15. Imezidi 1 kwa 4/15, nikaona hao ndio wale 22. Lakini 22 ÷ 4/15 ni 82.5, na mwanachama nusu hayupo.

Jibu la 1
Hiyo 19/15 iko sawa, usiifute. Imekuwa sehemu guni (inayozidi 1) kwa sababu wasomaji wa vyote wamehesabiwa mara mbili: wamo ndani ya 2/3, na wamo tena ndani ya 3/5.

Umekosea pale ulipotoa 1. Ukitoa 1 unadai kwamba kila mwanachama anasoma angalau kimoja, wakati swali limeshasema 1/10 wako nje. Wanaosoma angalau kimoja ni 1 − 1/10 = 9/10, kwa hiyo:

vyote viwili = 2/3 + 3/5 − 9/10
= 20/30 + 18/30 − 27/30
= 11/30

Kama 11/30 ni watu 22, basi 1/30 ni watu 2, na klabu nzima ni 60.

Hakiki kwa mchoro wa Venn (duara mbili zinazopishana, moja la riwaya na moja la mashairi), ukianzia katikati siku zote. Katikati andika 22. Riwaya ni 40, hivyo riwaya tu ni 40 − 22 = 18. Mashairi ni 36, hivyo mashairi tu ni 14. Nje ni 6. 18 + 22 + 14 + 6 = 60. Ukiandika 40 kwenye duara la riwaya bila kuondoa 22, jumla itaharibika na hutajua imeharibikia wapi.

Jibu la 2
Naongeza njia ya kunasa kosa mapema. Asili (namba za chini za sehemu) ni 3, 5 na 10, na KDS (kigawe kidogo cha shirika) yake ni 30. Idadi ya wanachama lazima igawanyike kwa 30, la sivyo mojawapo ya makundi litakuwa na mtu asiye mzima. Jibu la 45 lingeonekana zuri kwa 2/3 na 3/5, lakini 1/10 yake ni 4.5.

Mkuu, angalia pia sehemu ni ya nini. "3/5 ya wanachama husoma mashairi" na "3/5 ya wasomaji wa riwaya husoma pia mashairi" ni maswali mawili tofauti. La pili ni la kuzidisha: 3/5 × 2/3 = 2/5 ya klabu, na hiyo 2/5 tayari ndiyo wasomaji wa vyote viwili. Neno linalofuata "ya" ndilo linaloamua, na hapo ndipo wengi huanguka, hata wale wanaojua kanuni kwa moyo.

Muuliza swali
Nimeelewa, asanteni sana. Na kama hiyo 1/10 isingetajwa?

Jibu la 1
Usingepata jibu moja. Ungejua tu kwamba wasomaji wa vyote si chini ya 4/15 (pale ambapo hakuna aliye nje) na si zaidi ya 3/5 (pale ambapo kila msomaji wa mashairi anasoma riwaya pia). Kwa klabu ya watu 60, ni kuanzia 16 hadi 36. Ile 4/15 yako ilikuwa kiwango cha chini kabisa.

Jibu la 2
Na tukirudi kwenye swali lenye 1/10, wakikupa "wanaosoma riwaya tu ni 18" badala ya wale 22, usiilinganishe 18 na 2/3. Utapata 27, ambayo haigawanyiki kwa 30. Riwaya tu ni 2/3 − 11/30 = 9/30, yaani 3/10. 18 ÷ 3/10 = 60.