Mpira ulipasuka Jumamosi na DICE yetu ilishafungwa, niende wapi?

Binti_wa_Mtwapa – Jumatatu, saa 4:10 asubuhi

Habari zenu jamani. Naomba msaada, na tafadhali asiye na la kunisaidia apite tu, nimeshatukanwa vya kutosha. Mimi nafanya kazi ya usiku huku Mtwapa, sitaficha, mwaka wa sita sasa na nina mtoto yuko darasa la pili. Zamani tulikuwa na DICE yetu, yaani kliniki ya sisi wa kazi hii, unaingia mlango wa nyuma kama unaenda saluni, unapimwa, unapewa PrEP, vile vidonge vya kujikinga na HIV, ya miezi mitatu, unapewa kondomu boksi zima na mafuta yake, ukiwa na muwasho unatibiwa hapo hapo na hakuna anayekuuliza umelala na wangapi. Mwishoni mwa Januari 2025 tukapata meseji kwenye grupu kwamba misaada ya Marekani imesimamishwa, kwenda kuangalia tukakuta kufuli mlangoni. Sista aliyekuwa akituhudumia alikuwa amesimama nje na begi lake analia.

Tukaambiwa twende hospitali ya serikali. Nilienda mara moja. Nesi akatoka mlangoni na kikopo mkononi akaita "yule wa PrEP ni nani?" benchi zima likageuka, na kwenye benchi hilo alikuwa amekaa mama mwenye nyumba ninayopanga. Sikurudi tena. Nikamaliza vidonge nilivyokuwa navyo na tangu hapo nategemea mpira peke yake.

Sasa juzi Jumamosi usiku, kama saa nane hivi kuamkia Jumapili, mpira ukapasuka na mteja mwenyewe simjui, hakutaka hata kuongea, akavaa akaondoka. Nilijiosha ndani na sabuni ya unga kwenye maji ya moto mpaka sasa nawaka moto. Rafiki yangu ana PrEP zimebaki kama vidonge 12, anasema nimeze viwili leo halafu kimoja kimoja. Vitasaidia? Na kama haviwezi, niende wapi ambapo sitaitwa mbele za watu? Tangu jana silali.

---

Nesi_Mstaafu – Jumatatu, saa 4:31 asubuhi

Mwanangu, kwanza pole, na hujakosea kuuliza. Nisikilize haraka haraka maana hapa ni saa ndizo zinazotafutwa. Unachohitaji leo siyo PrEP, ni PEP. Majina yanafanana lakini kazi ni tofauti, PrEP unameza kabla ya hatari, PEP unaanza baada ya hatari, na ina dawa tatu ndani yake wakati PrEP ina mbili. Vile vidonge 12 vya rafiki yako ni pungufu kwa aina na kwa idadi, PEP ni siku 28. Na hiyo hesabu ya viwili halafu kimoja kimoja ilipimwa kwa wanaume wanaolala na wanaume, kwa mwanamke dawa inachukua muda zaidi kujaa kule ukeni kwa hiyo haifai.

PEP inaanzwa ndani ya saa 72, na kila saa unayowahi ni faida yako. Kwa maelezo yako, saa 72 zinaisha saa nane usiku wa kesho kuamkia Jumatano. Usisubiri kesho. Funga simu sasa hivi uende hospitali yoyote kubwa ya serikali, pita upande wa kasualti, huko kuko wazi usiku na mchana na watu wanaingia na kila aina ya shida, hakuna atakayekutazama. Dirishani usieleze habari zako, sema tu "naomba kumuona daktari kwa faragha, ni dharura ya PEP". Ukifika ndani ndiyo useme mpira umepasuka na saa yenyewe. Hawahitaji kujua kazi yako ili wakupe. Na mtu akikuambia upite kituo cha polisi kwanza au ulete P3 mkatalie kwa heshima, ile fomu ni ya kesi, hukudhulumiwa na dawa haitegemei polisi.

Watakupima damu kwanza. Usiogope, ni lazima wajue unaanzia wapi. Na kama huko kwenye sindano wala kijiti cha uzazi waambie pia wakupe ya kuzuia mimba leo leo.

La sabuni nalo naomba ulishike mwanangu. Usijioshe ndani tena, si kwa sabuni ya unga, si kwa Dettol, si kwa ndimu. Hapa hapa Mombasa kulikuwa na utafiti wa wanawake wa kazi hii waliofuatiliwa miaka 10 kwenye kliniki ya Ganjoni, wakaonekana wanaojiosha ndani, hasa kwa sabuni, wanaambukizwa HIV zaidi kuliko wasiojiosha. Sabuni inachubua ile ngozi laini na inaua vijidudu vizuri vinavyoilinda. Nje osha kwa maji, ndani paache pajisafishe penyewe.

---

Mkongwe_wa_Likoni – Jumatatu, saa 5:02 asubuhi

Dada usijitie presha. Mimi nina miaka 11 kwenye hii kazi na mipira imenipasukia mara nyingi tu, sijawahi kumeza chochote na kila nikipima niko sawa. Kuna damu haishiki. Hata Nairobi walipima wanawake wa Majengo wakakuta wana kinga yao ya kuzaliwa. Kama umekaa miaka sita salama na wewe unayo.

---

Mwelimishaji_Rika_Eastlands – Jumatatu, saa 5:40 asubuhi

Dada Mkongwe nakuheshimu, umetutangulia, lakini hapo naomba nikurekebishe kwa sababu hao wanawake wa Majengo ni mama zetu na hadithi yao imekuwa ikisimuliwa nusu.

Ile kliniki ya Majengo pale Pumwani ilianza 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba kule Kanada. Wakati huo hali ilikuwa mbaya kuliko tunavyoweza kufikiria leo, kuna uchunguzi ulichapishwa 1986 wa wanawake 90 wa Nairobi wanaofanya kazi hii, na kwa wale wa hali ya chini 66 kati ya kila 100 tayari walikuwa na virusi. Dawa hakuna. Ni kweli kabisa kwamba kuna wachache walikaa miaka na miaka bila kuambukizwa ingawa hatari iliwazunguka kila siku, na dunia nzima ikaja kuchukua damu yao ijifunze. Sehemu isiyosimuliwa ni kwamba baadhi ya hao hao walikuja kuambukizwa baadaye, na ilionekana hasa kwa walioacha kazi kwa muda, wakapumzika, halafu wakarudi. Kwa hiyo hata waliokuwa nayo hiyo kinga waliipoteza, na hakuna kipimo cha kliniki kitakachokuambia wewe unayo. Kupima na kukuta uko sawa kunakuambia habari za jana tu.

Na kilichookoa wengi pale siyo damu. Kulikuwa na nesi anaitwa Elizabeth Ngugi, baadaye akawa profesa, yeye aliwakalisha wale akina mama kwenye mabaraza akawaambia ukweli kwa lugha yao, akawafanya wao wenyewe wafundishane mambo ya kondomu, na wakakubaliana kwamba mteja asiyetaka mpira akikataliwa nyumba hii akataliwe na ya pili. Mimi kazi yangu ya uelimishaji rika inatoka pale, na ndiyo maana DICE zikifungwa inaniuma kama msiba. Watu wanadhani kilichoondoka ni vidonge. Vidonge vipo, dada, vimehamia tu kwenye dirisha lenye foleni na macho. Kilichoondoka ni yule mtu anayekupigia simu siku tatu kabla ya tarehe yako, anayejua kwamba huwezi kuja asubuhi kwa sababu umelala saa kumi na mbili.

Na kuna jambo wengi hawajaambiwa, lile agizo la Februari 2025 lilirudisha baadhi ya huduma kwa pesa za Marekani, lakini PrEP wakasema ni ya wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Ndiyo maana kuna wenzetu walifukuzwa madirishani wakadhani wamechukiwa wao binafsi.

Binti wa Mtwapa, umeshaondoka nyumbani? Naomba utujibu.

---

Dada_wa_Temeke – Jumatatu, saa 7:15 mchana

Poleni wapendwa, mimi niko Dar lakini nimesoma hii nikajiona mwenyewe. Na sisi huku tulipewa PrEP na waelimishaji rika, wanakuja mpaka geto, tena walikuwa wanakuja usiku. Niliacha kumeza siyo kwa sababu ya kuitwa, niliacha kwa sababu ya kikopo. Kikopo chenyewe ni sawasawa na cha ARV, mteja akakiona kwenye begi akapiga kelele baa nzima kwamba nina ngoma. Nikawa naweka vidonge kwenye kipande cha gazeti ndani ya sidiria, kwa jasho la Dar vikawa unga.

Nilichojifunza, usivitoe kwenye kikopo chake, kile kipakiti kidogo cha ndani kinazuia unyevu. Bandua lebo tu, halafu jaza pamba juu mpaka visiwe vinalia ukitembea. Mimi naacha nyumbani ndani ya debe la unga na nameza saa moja jioni kabla sijavaa nguo za kazi, nikishapaka mafuta nanyoosha mkono kwenye debe, imekuwa mazoea kama kupiga mswaki. Na mafuta ya kupaka ngozi msiyapake kwenye kondomu jamani, yale ya mgando yanakula mpira ndiyo maana inapasuka. Tumia yale ya kulainisha yaliyotengenezwa kwa maji, ya kliniki, na kama hakuna bora usipake kitu.

---

Binti_wa_Mtwapa – Jumatatu, saa 12:20 jioni

Nimerudi. Niko nyumbani, nimemeza.

Nilipanda matatu baada tu ya kumsoma mama nesi, sikuoga wala nini. Kasualti palikuwa na mtu wa bodaboda anavuja damu na watoto wanalia, ikawa kweli hakuna mwenye haja na mimi. Nilisema yale maneno dirishani vile vile ulivyoniandikia, mama, nilikuwa nayasoma kwenye simu maana sauti ilikuwa haitoki. Nikaitwa kwa namba. Daktari kijana mdogo tu, akainuka akafunga mlango mwenyewe ndipo akaniuliza. Hakuniuliza kazi, aliuliza saa ngapi. Nikapimwa kidoleni, dakika za kungoja zile sitaki kuzikumbuka, majibu niko salama. Akanipa kidonge cha kwanza pale pale, nikakimeza na maji yangu ya chupa, nikapewa na vilivyobaki. Mimba niko na kijiti kwa hiyo hapo hapana shida. Na kuhusu kuwaka akaniangalia, akasema ni sabuni imechubua, amenipa dawa.

Nimesahau kuuliza mambo mawili kwa sababu nilikuwa nalia. Siku 28 zikiisha natafuta PrEP au naanza upya? Na hii tumbo linanichafuka, naweza kunywa dawa ya asidi?

---

Nesi_Mstaafu – Jumatatu, saa 1:05 usiku

Alhamdulillahi. Umefanya vizuri sana mwanangu.

Tumbo na kichefuchefu vinakuja siku za kwanza, meza baada ya chakula cha usiku, zinapungua. Dawa ya asidi ile ya maji na vidonge vya madini ya damu usivimeze pamoja nayo, zinaishika dawa tumboni isifanye kazi. Meza PEP kwanza, hizo nyingine angalau saa mbili baadaye. Usiruke hata siku moja, na kipindi chote hiki mpira uendelee.

Siku ya 28 rudi upimwe, ukiwa salama unaunganisha PrEP kesho yake bila kuacha nafasi katikati. Waambie hivyo hivyo, "nataka kuunganisha PrEP". Watakupima na homa ya ini ya aina ya B na figo. Halafu upimwe tena miezi mitatu baada ya ile Jumamosi, uandike tarehe kabisa. PrEP haizuii kisonono wala kaswende kwa hiyo kila ukienda waombe wakuangalie na hayo.

---

Mwelimishaji_Rika_Eastlands – Jumatatu, saa 1:48 usiku

Nimefurahi mpaka nimesimama. Nyongeza moja kwa wanaochoka na vidonge, kuna sindano ya lenacapavir, unadungwa mara 2 kwa mwaka. Kwenye majaribio ya Uganda na Afrika Kusini matokeo ya 2024, wasichana 2,134 waliopewa hiyo sindano hakuna hata mmoja aliyeambukizwa, na WHO wakaipendekeza Julai 2025 kwenye mkutano wa Kigali. Kwa mtu wa kazi yetu, asiyetaka kikopo nyumbani, hiyo ni kubwa. Ukienda kuunganisha PrEP waulize kama imefika kwao. Waulize kila mara, wakiulizwa na watu wengi wataiagiza.

Na ukitaka mtu wa kukusindikiza siku hiyo, andika hapa hapa, kuna waelimishaji rika wa Pwani ambao bado wanafanya kazi bila malipo, nitakuunganisha.

---

Mkongwe_wa_Likoni – Jumatatu, saa 3:10 usiku

Nimesoma yote. Sikujua hayo ya Majengo kwamba baadaye waliambukizwa, mimi niliambiwa nusu. Mimi mwenyewe nilipumzika miezi minane mwaka juzi nilipoenda kumuuguza mamangu, halafu nikarudi. Kesho nitaenda kupima.

---

Binti_wa_Mtwapa – Jumatatu, saa 3:26 usiku

Dada Mkongwe nenda, na ukitoka utuandikie. Mimi nimeweka alamu saa mbili usiku, mtoto amenisaidia kuchagua mlio, anadhani ni ya dawa ya malaria. Rafiki yangu wa vile vidonge 12 amekuja kunipikia uji, anasema siku yangu ya 28 tunaenda wote, hajapima tangu lile kufuli.