Noti moja ikipasuka, honi nzima inahukumiwa!

Wakuu, nina hasira na leo sibembelezi mtu. Uzi huu unahusu honi ya okestra, ile ala ya shaba ya kupuliza, na kondakta wa okestra, yule anayeongoza wapigaji. Aliyekuja kutafuta habari za mabasi apite tu.

Jana usiku tumepiga Simfoni ya 5 ya mtunzi Tchaikovsky. Wanaoijua wanajua balaa la sehemu ya pili: vinanda vya nyuzi vinatandika sauti nzito za chini, kisha honi ya kwanza inaingia peke yake, taratibu, haina pa kujificha. Honi hiyo ni mimi. Nikaipiga solo, inatoka kama asali, halafu karibu na mwisho noti moja ikapasuka, yaani sauti ikakwama badala ya kutoka safi. MOJA! Mpiga fidla wa mbele akageuza shingo kunitazama utadhani nimemkanyagia mtoto. Kondakta akakunja ndita. Tulipotoka, mtu kanishika bega: "Pole kwa ile bahati mbaya." Hizo dakika karibu hamsini nilizopuliza hakuzisikia?

Sasa niwaambie ya asubuhi yake. Mazoezi ya mwisho, siku ileile ya onyesho, kondakta kanirudisha kwenye solo hiyo mara sita. Sikukosea hata mara moja, alikuwa anatafuta uwiano wa nyuzi! Nikamwomba niipulize kwa sauti ndogo ili nitunze midomo. Akasema anataka hisia kamili. Mdomo ni nyama, jamani. Uzi wa fidla ukikatika unafunga mwingine. Mdomo ukishachoka, mchana mmoja hautoshi kuurudisha.

Na msiniambie "mbona tarumbeta hazipasuki hivyo". Bomba la honi ya F (F ni ufunguo wake, yaani sauti yake ya msingi) ukilinyoosha lina karibu mita 3.7, zaidi ya mara mbili ya tarumbeta. Bomba likiwa refu namna hiyo, noti za juu zinabanana. Vidole vimebaki palepale, vali (vile vya kubonyeza vinavyobadilisha urefu wa bomba) hazijaguswa, na hapo hapo kuna noti nne tano zimepangana kama ngazi; kinachoamua unatua ipi ni midomo na sikio. Ukikaza kidogo kupita kiasi umeangukia kwa jirani, na ukumbi wote umesikia.

Halafu eti honi "mnachelewa". Mdomo mpana wa chombo chetu, pale sauti inapotokea, unatazama nyuma, mkono wa kulia umo ndani yake! Sauti inakwenda kugonga ukuta kwanza ndipo ije kwenu. Kwa hiyo tunalazimika kupuliza kabla ya kile tunachokisikia, na tukifanya hivyo tunaambiwa tuna papara. (Tukiizungusha honi kumwaga maji, wanacheka eti mate. Ni mvuke wa pumzi umepoa.)

Mwenzangu wa honi ya nne ndiye ninayemhurumia zaidi. Kazi yake siku zote ni noti za chini, hakuna anayejua jina lake. Inakuja Simfoni ya 9 ya Beethoven, sehemu ya tatu, na ile solo ndefu kaandikiwa yeye! Akiipiga vizuri, pongezi anapewa honi ya kwanza. Nimeshapewa mimi, nikaona aibu.

Wiki ijayo ni Simfoni ya kwanza ya Brahms. Vali zilipewa hataza mwaka 1818, yeye mwaka 1876 bado anatuandikia kana kwamba hazipo na kila ufunguo una honi yake: ukurasa huu honi ya C, ule honi ya E, na sisi tumeshika honi ya F, tunahamisha kila noti kichwani huku tunahesabu vipimo vya kimya. Hilo tumelizoea, silalamiki. Ninalolalamikia ni kondakta yuleyule, na kule sehemu ya nne solo inanisubiri.

Wapuliza honi wenzangu, nyie mnawajibuje watu hawa? Maana akisema tena "mara moja tena, tafadhali" mara ya sita, namkabidhi chombo apulize mwenyewe.