Mrejesho: mfano wangu wa kifaru cha kivita cha Normandy, 1944

Wakuu, niliomba ushauri hapa namna ya kutengeneza matuta ya Normandy, Ufaransa (kingo za udongo zenye miti na vichaka kati ya mashamba), kwa ajili ya mfano wa kifaru cha Sherman, kifaru cha kivita cha Marekani, wa kipimo cha 1/35, yaani mdogo mara 35 kuliko halisi. Leo naleta mrejesho.

Tuta ndilo lililonishughulisha kuliko kifaru chenyewe. Aliyesema nitumie makumbi ya nazi, Mungu ambariki. Nimeyachambua nyuzi nyuzi, nikayapandikiza juu ya povu gumu nililolichonga, kisha nikamwagia udongo uliochekechwa. Gundi nyeupe niliizimua kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, ikanywewa mpaka ndani badala ya kuelea juu kama matone. Mizizi mikavu ya majani imekuwa miti, na inapendeza sana.

Mbele ya kifaru nimeweka yale meno ya chuma ya kupasulia matuta. Wanajeshi wa Marekani waliyachomelea kutokana na vizuizi vya Wajerumani vilivyookotwa ufukweni, maana bila hayo kifaru kilipanda tuta na kuonyesha tumbo, mahali penye chuma chembamba. Kwa hiyo nimekionyesha kikipasua tuta, pua ikiwa chini, udongo na mizizi vimening'inia kwenye meno.

Matope ya minyororo nimeyapaka rangi mbili: ya chini kavu na nyepesi, ya juu nyeusi yenye unyevu.

Bado askari wa miguu. Nyuso zao nataka nizipake kwa utulivu, sitaki kuharakisha. Asanteni sana, wakuu.