Mjadala: Je, kampuni iruhusiwe kuimiliki soketi ya betri ya pikipiki za umeme?

Mleta mada

Ndugu wasomaji, naomba tuijadili hoja hii kwa utulivu, kwa kuwa inagusa riziki ya vijana wengi wa bodaboda.

Jijini Nairobi, Kampala na Kigali, pikipiki nyingi za umeme huuzwa bila betri. Mwendeshaji hununua chombo, betri hubaki mali ya kampuni, naye hupita kituoni kuibadilisha kila chaji inapokaribia kuisha. Utaratibu huu una manufaa makubwa, kwani betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote, na kuibadilisha kwa dakika chache humrudisha mtu barabarani mapema kuliko kusubiri saa kadhaa ichajiwe. Ninachokihoji ni pale betri inapokutana na pikipiki. Soketi ya kampuni moja haipokei betri ya kampuni nyingine, na hata kama maumbo yangelingana, kompyuta ndogo iliyomo ndani ya betri haitoi umeme mpaka iitambue pikipiki. Matokeo yake, aliyenunua chombo cha kampuni fulani amefungwa kwenye vituo vya kampuni hiyo na kwa bei itakayopangwa na kampuni hiyo, maisha yote ya chombo chake.

Msimamo wangu ni huu: uvumbuzi uliomo ndani ya betri, kama vile mpangilio wa seli, namna ya kuipoza na namna ya kuilinda isiungue, ulindwe kwa miaka 20 na hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake bila ruhusa. Lakini umbo la soketi na taratibu za mawasiliano kati ya betri na chombo ziwe wazi kwa kila mtengenezaji.

Historia ya magari ina mifano ya kutosha. Mwaka 1959 mhandisi Nils Bohlin wa Volvo alibuni mkanda wa usalama unaoshika mwili katika ncha tatu. Kampuni ilikuwa na hataza, lakini iliwaruhusu watengenezaji wengine wote kuutumia mkanda huo, na leo umo katika magari ya dunia nzima. Volvo haikufilisika kwa uamuzi ule, wala haikuacha kusajili uvumbuzi mwingine.

Mfano wa Tesla nchini Marekani unafundisha zaidi, kwa sababu unaonyesha kwamba ahadi peke yake haitoshi. Juni 2014 kampuni hiyo ilitangaza kuwa haitamshtaki mtu yeyote atakayetumia hataza zake kwa nia njema. Masharti ya hiyo nia njema yalikuwa mazito, mojawapo likiwa kwamba mtumiaji naye asiwe ameishtaki Tesla kwa hataza zake mwenyewe. Plagi yake ya kuchajia ilibaki ya magari yake tu hadi Novemba 2022, ilipochapisha michoro yake hadharani. Mei 2023 Ford ikatangaza kuitumia, General Motors ikafuata mwezi uliofuata, na chama cha wahandisi wa magari cha SAE kikaichukua na kuifanya kiwango, yaani vipimo rasmi vya pamoja, kinachoitwa J3400. Ahadi ya 2014 haikuifikisha plagi kwa washindani. Michoro iliyochapishwa, pamoja na chama cha viwango, ndivyo vilivyoifikisha.

Mhandisi wa betri, Kampala

Ndugu mleta mada, hoja yako nimeielewa na nia yako naiheshimu, lakini naipinga kwa sababu tatu.

Kwanza, kuchagua kiwango mapema ni hatari. Mwaka 2010 makampuni ya Japani yalikuja na mfumo wa CHAdeMO wa kuchaji kwa haraka, na gari la umeme la Nissan Leaf likaingia nao sokoni. Wakati ule hapakuwa na kitu bora zaidi. Baadaye Umoja wa Ulaya, kwa maelekezo yake ya mwaka 2014, ulichagua mfumo mwingine wa kuchaji uitwao Combo 2, na Nissan yenyewe ilipoanza kuuza gari lake la Ariya barani Ulaya ililiwekea soketi ya Combo. Nchi ambayo ingetunga sheria mwaka 2010 kwa kutazama kilichokuwapo sokoni ingekuwa imejifunga kwenye mfumo ambao waanzilishi wake wenyewe wameuacha katika masoko makubwa. Sisi kwenye pikipiki bado tunabishana kuhusu mambo ya msingi: volti 48, 60 au 72, betri moja kubwa au mbili ndogo ambazo mtu anaweza kuzibeba bila kuumia mgongo.

Pili, hataza ni silaha ya mnyonge pia. Robert Kearns, mwalimu wa chuo huko Detroit, alibuni waipa za kioo zinazofuta kwa vipindi na kuomba hataza mwaka 1964. Baadaye waipa za namna hiyo zilianza kuonekana kwenye magari ya makampuni makubwa bila yeye kulipwa. Aliishtaki Ford mwaka 1978, na ni mwaka 1990 tu Ford ilipokubali kumlipa dola zaidi ya milioni 10. Bila hataza asingekuwa na mahali pa kushika. Kampuni changa za Afrika Mashariki zimo katika hali hiyohiyo: tukilazimishwa kutoa michoro yetu leo, kesho kiwanda kikubwa cha ng'ambo kitaleta betri za bei ya chini zinazoingia kwenye soketi tuliyoibuni, na sisi tutafunga milango.

Tatu ni moto. Betri ya lithiamu ikiunganishwa na chombo isichokielewa, au ikichajiwa na chaja isiyosoma joto la seli, inaweza kuungua, na moto wake hauzimwi kirahisi. Nimeona betri iliyofunguliwa mtaani na kuunganishwa waya upya. Plastiki ya soketi ilikuwa imeyeyuka upande mmoja kwa sababu pini hazikushikana vizuri na zilipitisha mkondo mkubwa kuliko uwezo wake. Ikitokea ajali ya namna hiyo, ni nani atawajibika: aliyetengeneza betri, aliyetengeneza pikipiki, au mwenye kituo?

Fundi umeme wa magari, Mwanza

Wakuu, naomba niwaonyeshe soketi yenyewe kwa karibu, kwa sababu tunaijadili kama siri kubwa ilhali sivyo.

Chukueni plagi ya magari ya Ulaya iitwayo Type 2. Ina matundu saba. Matano makubwa ni ya nyaya tatu za moto, nyutro na ardhi. Mawili madogo ya juu hayapeleki umeme wa kuchaji hata kidogo: moja huonyesha kwamba plagi imeingia, na la pili ni la mazungumzo kati ya chaja na gari. Chaja huweka volti 12 kwenye waya huo wa mazungumzo. Gari likichomekwa, kizuizi cha umeme kilichomo ndani yake huishusha volti hadi 9, na hapo chaja inajua kuna gari. Gari likiwa tayari kupokea, huishusha hadi 6, na hapo tu chaja hufunga swichi kubwa na kuruhusu umeme upite. Kiasi cha mkondo unaoruhusiwa husomwa kwenye mapigo ya waya huohuo. Zaidi ya hayo, pini ya ardhi hushika mapema na pini ya mazungumzo hushika mwisho, ili mtu akichomoa plagi ghafla, mazungumzo yakatike kwanza na umeme uzimwe kabla pini kubwa hazijaachana na kutoa cheche.

Yote hayo yameandikwa katika viwango vinavyopatikana kwa yeyote, na kwa sababu yameandikwa, fundi anaweza kupima na kujua kosa liko wapi. Uwazi haukuongeza ajali, umeniwezesha kukagua. Ile betri iliyoyeyuka soketi aliyoieleza mhandisi iliharibiwa na mtu ambaye hakuwa na mchoro wowote wa kumwongoza.

Tena tunao mfano nyumbani. Vifaa vya kufuatilia mwendo wa mabasi ya mikoani hapa Tanzania huuzwa na wafanyabiashara tofauti walioidhinishwa, na kila mmoja ana kifaa chake na ufundi wake wa ndani. Lakini vyote vinatakiwa kupeleka taarifa kwenye mfumo mmoja wa LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu. Mmiliki wa basi anaweza kumwacha muuzaji huyu akaenda kwa yule, na mwendo wa basi bado ukaonekana. Hakuna mvumbuzi aliyenyang'anywa kitu. Kwa nini betri isiwe hivyo?

Wakili, Nairobi

Naomba niseme kidogo kuhusu sheria, maana naona hataza inabebeshwa lawama isiyo yake.

Hataza ni ya nchi moja moja. Uvumbuzi uliosajiliwa Marekani au China pekee hauna ulinzi Kenya wala Tanzania. Anayetaka ulinzi huku hana budi aombe kwenye ofisi za usajili, yaani KIPI kwa Kenya, BRELA kwa Tanzania Bara, au apitie ARIPO, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika lililoko Harare, na kuzitaja nchi anazozitaka. Pale ambapo hakuna aliyeomba, mtu yeyote ana haki ya kuusoma mchoro na kuutumia hapa. Tena hataza yenyewe hulazimisha uwazi: mvumbuzi hupewa haki ya pekee kwa muda maalumu akieleza uvumbuzi wake kikamilifu, kiasi kwamba mwenye ujuzi wa fani hiyo aweze kuutengeneza.

Kinachomfunga mwendeshaji wa bodaboda ni vitu viwili vingine. Kimoja ni msimbo wa siri unaoifanya betri ikatae chombo isichokijua. Cha pili ni mkataba aliotia saini, mara nyingi bila kuusoma, unaosema betri ni mali ya kampuni na hawezi kutumia nyingine. Kwa hiyo, ndugu mleta mada, hata tukizifuta hataza zote kesho, kufuli itabaki palepale.

Kuhusu kutegemea mahakama, tukumbuke kisa cha George Selden. Aliomba hataza ya gari huko Marekani mwaka 1879, akaichelewesha kwa marekebisho hadi ilipotolewa mwaka 1895, wakati magari yalikuwa yameanza kutengenezwa. Waliokuja kuimiliki hataza hiyo waliwatoza watengenezaji mrabaha wa asilimia 1.25 ya bei ya gari. Henry Ford alikataa, akashtakiwa mwaka 1903, akashinda rufaa mwaka 1911, hataza ikiwa imebakiza chini ya miaka miwili kwisha. Mwendesha bodaboda hana miaka minane ya kusubiri hukumu.

Njia ninayoiona ina mfano mzuri. Bosch ilitangaza mfumo wa mawasiliano wa CAN mwaka 1986, ule unaoziwezesha kompyuta za ndani ya gari kuzungumza kwa waya mbili tu. Ilikuwa na hataza na ilitoza ada kwa watengenezaji wa chipu, lakini iliutoa kwa kila aliyeutaka, na mwaka 1993 ukawa kiwango cha kimataifa, ISO 11898. Mvumbuzi alilipwa, na hakuna aliyefungiwa nje. Mashirika yetu ya viwango yanaweza kuweka sharti hilohilo: ukitaka soketi yako iwe kiwango, dai mrabaha wako, ila uwe wa kiasi, utangazwe, na uwe sawa kwa wote.

Mwendeshaji, Mombasa

Shikamooni wakubwa. Mimi sina ujuzi wa hataza, ila nina swali moja. Pikipiki nimeichukua kwa mkopo wa malipo ya kila siku. Kampuni ikifunga biashara kabla sijamaliza mkopo, au hata baada ya kumaliza, ile pikipiki itakuwa na thamani gani bila betri? Ya petroli ningeweza kuiuza Lamu au Malindi. Hii nitamuuzia nani?

Mleta mada

Marahaba, ndugu yangu. Swali lako linapaswa kuwa katikati ya mjadala huu.

Wakili amenisaidia kuinoa hoja: kinachotakiwa kuwa wazi ni msimbo wa utambuzi na vipimo vya soketi, na hilo halihitaji kugusa hataza ya mtu. Kwa mhandisi, nakubali kwamba volti na ukubwa wa betri bado havijatulia. Hata hivyo, Machi 2021 Honda, Yamaha, Kawasaki na Suzuki, washindani wa miongo mingi, walikubaliana nchini Japani vipimo vya pamoja vya betri za kubadilishana, na mwaka huohuo Honda na Yamaha wakaungana na KTM na Piaggio kwa lengo kama hilo Ulaya. Makampuni hayo yana hataza nyingi kuliko sisi sote. Yaliona kwamba hakuna hata moja litakaloweza kujenga peke yake vituo vya kutosha nchi nzima. Kama wao hawawezi, kampuni changa ya Nairobi au Kigali itaweza vipi?

Napendekeza tusianze kwa kulazimisha soketi moja. Tuanze na sharti kwamba kampuni yoyote inayopata nafuu ya kodi au kiwanja cha umma kwa ajili ya vituo vyake ichapishe vipimo vya soketi yake na taratibu za mawasiliano ya betri. Mwenye fedha zake binafsi na kiwanja chake binafsi abaki na siri yake akitaka.

Wakili, Nairobi

Kwa swali la ndugu wa Mombasa, kuna jambo linaloweza kuwekwa kwenye leseni bila kusubiri sheria mpya ya bunge: msimbo wa betri uwekwe amana kwa shirika la viwango, na utolewe kwa umma siku kampuni itakapoacha kutoa huduma kwa muda uliotajwa. Benki inayotoa mkopo wa pikipiki ingepaswa kuwa ya kwanza kulidai sharti hilo, kwa kuwa dhamana yake ni chombo hichohicho.

Mhandisi wa betri, Kampala

Hilo la amana nalikubali bila kinyongo, na ningeliunga mkono hata ndani ya kampuni ninayoifanyia kazi, kwa sababu mteja hapaswi kubeba hasara ya kufilisika kwetu. La kuchapisha vipimo kwa wanaopata nafuu ya umma naweza kulikubali ikiwa kila betri itakuwa na namba yake na kumbukumbu isiyofutika ya joto, mkondo na vituo ilikochajiwa, ili moto ukitokea ijulikane kosa lilianzia wapi. Lakini soketi moja kwa wote bado naipinga kwa sasa. Tupeni kwanza muda wa kukubaliana kuhusu volti, na mashirika ya viwango yatuite mezani sisi watengenezaji pamoja na mafundi kama huyu wa Mwanza, kwa kuwa yeye ndiye atakayeitwa kuitengeneza pale itakapoharibika.