Vanishi ya mwisho kwenye ndege ya 1/72: mati au glosi?

rubani_wa_mezani

Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wenye uzoefu. Nimeunga modeli ya plastiki ya Corsair ya 1/72 (yani ndogo mara 72 kuliko ndege yenyewe), ile F4U-1D ya jeshi la majini la Marekani, nimeipiga bluu iliyokoza mwili mzima kwa erabrashi (kile kipulizio kidogo cha rangi), rangi ni akriliki na imetoka mati, yani haimeti, imekauka siku nne sasa hakuna hata doa. Imebaki kubandika dikali za maji (zile alama na namba za kubandika) na kupiga vanishi basi iingie kabatini. Na hapo kwenye vanishi ndo nimekwama. Nikiangalia picha za zamani naona izi ndege zinameta kama kiatu kilichopigwa kiwi, alafu nikiangalia modeli za watu, karibu zote za ndege za vita ni mati tupu, na kila ninayemuuliza ananiambia glosi, ile inayometa, ni ya magari, ukiipiga kwenye ndege inageuka toi la mtoto.

Sina haraka maana niliyoifanya kabla ya hii iliniumiza sana. Nilibandika dikali moja kwa moja juu ya rangi mati, zilipokauka zikawa na weupe fulani wa fedha fedha kwa chini, ukiinamisha ndege kwenye mwanga unaona mpaka wa kila dikali. Nikasema mati itaficha, nikachukua kopo la spreyi ya mati, mvua ndo imetoka kunyesha, nikapiga. Dakika kumi baadae ndege nzima iko kama imemwagiwa unga na kioo cha rubani kimekuwa kama jicho lenye mtoto wa jicho. Miezi miwili ya kazi ile. Kwaiyo naomba mnisaidie kabla sijagusa kitu, mati au glosi, na je kuna namna ya kuipima kwanza kabla ya kuipiga kwenye ndege yenyewe?

fundi_polepole

Pole sana mkuu, iyo ya unga imewakuta wengi humu.

Nianze na hapa, unauliza kama vile ni lazima uchague moja, na mi naona hapo ndo ile ndege yako ya kwanza ilipoanza kuharibika. Glosi na mati kila moja ina zamu yake. Glosi inatangulia hata kama ndege itaishia kuwa mati kabisa, kwa sababu kazi yake pale ni kulainisha uso, kumeta ni matokeo tu. Rangi mati inaonekana mati kwa sababu uso wake umeparuza, una vilima na mabonde madogo ambayo jicho haliyaoni, mwanga ukigonga pale unatawanyika kila upande. Sasa ukilaza dikali juu ya vilima ivo, utando wake unakaa kwenye vilele tu na kule mabondeni hewa inanaswa. Ule weupe wa fedha ulioona ndo iyo hewa. Na vanishi ya juu haiwezi kuuficha maana tatizo liko chini ya dikali.

Kwaiyo piga glosi mikono miwili au mitatu myembamba, X-22 ya Tamiya inafaa, Aqua Gloss ya Alclad inafaa, hata nyingine yoyote ulioizoea, alafu uiache usiku na mchana bila kuishika. Ukija kwenye dikali weka Micro Set chini, ni dawa ya kuisaidia ishike, ikishakaa sawa unapaka Micro Sol juu, hiyo ni ya kuilainisha. Itakunjamana vibaya mno na utaona imeharibika, usiiguse! Wengi hapo wanaingiwa na hofu wanaikandamiza kwa kidole inachanika, iache tu itajinyoosha yenyewe na kuzama ndani ya mistari ya paneli (ile mifereji midogo inayoonyesha maungio ya mabati ya ndege) kama imepakwa kwa brashi. Zikikauka zote pangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo kutoa mabaki ya gundi na iyo dawa, kisha mkono mmoja mwembamba wa glosi wa kuzifungia.

Glosi ina faida nyingine pia kwenye mistari ya paneli. Ukigusisha ncha ya brashi yenye wino wa enameli kwenye mstari, juu ya glosi unakimbia wenyewe mpaka mwisho wa mstari, raha tupu kuangalia, na uliomwagika pembeni unaufuta na kijiti cha pamba. Juu ya mati unanyonywa kama wino kwenye tishu na doa halitoki. Ila thina ya enameli usiilowanishe sana, ikiingia kwenye plastiki tupu hasa kwenye maungio yaliyobanwa inaweza kuipasua.

Ukishamaliza hayo ndo unarudi kwenye swali lako la mkono wa mwisho, na hapo nawaachia wanaoijua iyo ndege.

bluu_ya_bahari

Asante fundi, naingilia hapo hapo maana hii ndege naipenda kupita zote.

Mkuu picha zako hazikudanganyi. Corsair za kabla ya hii yako nyingi zilikuwa na bluu juu, bluu ya kati ubavuni na nyeupe chini, na bluu ya mgongoni ilitakiwa isiakisi mwanga kabisa, mati haswa, ila juu ya mabawa walipiga semi glosi. Alafu 1944 ikaja Glossy Sea Blue, namba yake ANA 623, ndege nzima juu mpaka chini, na jina lenyewe limeshajibu swali. F4U-1D ilitoka na iyo. Kwaiyo anayekwambia ndege ya vita lazima iwe mati anaongea kwa mazoea.

Na kuna njia rahisi ya kujua kwa ndege zozote za Marekani zenye namba za FS, yani namba za rangi za serikali ya Marekani. Angalia tarakimu ya kwanza kati ya zile tano, 1 ni glosi, 2 ni semi glosi, 3 ni mati. Bluu yako inalinganishwa na 15042, umeona ile 1 mbele. Kijivu cha F-16 ni 36118, inaanza na 3, mati. Na unaweza kukuta kijivu kimoja kina 16440 na pia 36440, rangi ni ileile ila ya kwanza inameta na ya pili haimeti. Mi nilipolijua hili niliacha kubahatisha, sasa naangalia namba kwanza kabla hata sijafungua kopo.

LAKINI usikimbilie kupiga glosi kali. Kwanza izo ndege zililala juani kwenye sitaha za meli na kwenye visiwa vya Pasifiki, chumvi, mafuta, mafundi wanazikanyaga kila siku, bluu ilikuwa inapauka vibaya sana hasa sehemu za juu. Pili ni umbali. Ukiishika modeli ya 1/72 sentimita 30 kutoka kwenye jicho ni sawa na kusimama mita 21.6 kutoka kwenye ndege yenyewe. Kwa umbali huo mmeto mkali unapungua, unaona mwanga umelala laini juu ya bawa, sio taa ya chumba imejichora nzima nzima. Glosi ya kopo haijui kama ndege yako ni ndogo, inameta kwa kipimo cha kitu kizima, na nadhani iyo ndo sababu watu wanaona toi.

Mi ningeenda na satini, ile semi glosi, ubavuni na chini iwe na mmeto kidogo zaidi, juu ya mabawa ipungue. Alafu matairi mati, mapanga ya propela meusi mati, na ile njia ya kukanyagia kwenye mzizi wa bawa mati kabisa. Ukifanya ivo ile bluu itaonekana inameta zaidi kuliko ukipiga glosi kila mahali, kwa sababu jicho linapata cha kulinganisha nacho.

bodi_kama_kioo

Mi ni mtu wa magari 1/24 na naomba nitofautiane kidogo. Glosi haigeuzi kitu kuwa toi, glosi mbaya ndo inageuza. Glosi haina siri, kila unywele, kila vumbi, kila mkwaruzo wa msasa uliobaki kwenye praima utaonekana, na ukipiga nene uso unakuwa na vishimo kama ganda la chungwa na kona zote zinajaa. Jicho likiona ivo linasema plastiki. Mati inasamehe yote hayo, na naamini wengi wanaikimbilia kwa sababu iyo, sio kwa sababu ndege ilikuwa mati.

Kwenye gari baada ya glosi naacha wiki nzima, alafu msasa wa maji kuanzia 2000 kupanda, alafu kompaundi zile tatu za Tamiya kwa mpangilio, Coarse, Fine, Finish, mpaka naona dirisha la chumba limenyooka kwenye boneti. Kazi ngumu ila ndo raha yenyewe. Sa kwenye ndege ya 1/72 yenye mistari midogo ivo nakubali huwezi kusugua, utakula rangi kwenye kila ukingo, na umbali aliousema mwenzangu ni kweli kabisa, kwenye 1/24 sentimita 30 zinakuwa mita 7.2 tu ndo maana gari linabeba glosi na ndege ndogo inashindwa. Kwaiyo satini nami naiunga mkono, ila ile glosi ya chini ipige kwa uangalifu kama vile ndo ya mwisho, maana satini haifichi vumbi lililolala chini yake.

Kingine, mati ni dhaifu kwa kushikwashika. Ukiishika sehemu moja mara nyingi inaanza kumeta yenyewe kwa mafuta ya vidole na kusuguliwa. Ishike kwa glavu au kwa kijiti mpaka mwisho.

dada_mecha

Mi naunga Gunpla, yale maroboti ya Gundam ya plastiki, kwetu mati ndo mkombozi, plastiki ya Bandai inakuja na rangi yake kabisa ila ina ule mng'ao wa sahani za plastiki, ukipiga mati mkono mmoja tu roboti linapata uzito, watu wanadhani umepaka rangi lote. Kwaiyo mati nimeipiga mara nyingi sana na ule unga wako naujua, nikueleze ulikotoka.

Vanishi za spreyi nyingi ni za laka, thina yake inapaa haraka sana na ikipaa inapoza uso. Hewa ikiwa na unyevu, kama siku yako ya mvua, ule unyevu unaganda kwenye vanishi kabla haijakauka na ndo weupe. Sababu nyingine ni unga wenyewe. Mati inatengenezwa kwa kuchanganya chembe laini sana, mara nyingi silika, na zinatuama chini ya kopo. Usipotikisa vya kutosha zinatoka kwa mafungu, na ukipiga nzito zinarundikana. Mi natikisa dakika mbili kamili hata mkono ukichoka, na kopo likiwa la baridi nalikalisha kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, ya uvuguvugu jamani, maji ya moto kamwe maana kopo linaweza kulipuka. Napiga kutoka sentimita 20 ivi, naanzia nje ya modeli namalizia nje, mikono myepesi. Ukienda mbali sana matone yanakauka hewani yanatua kama vumbi. Na barakoa ya kemikali uvae, dirisha wazi, laka si ya kuvuta.

Ile ndege ya kwanza usiitupe! Subiri siku kavu uipige glosi ya aina ileile mkono mwembamba. Mara nyingi weupe unapotea kabisa kwa sababu glosi inajaza ule mparuzo na thina yake inaulainisha utando unyevu utoke. Ikikauka unarudia mati vizuri. Dikali zilizoshika hewa zenyewe unaweza kuzitoboa toboa na ncha ya sindano kisha upake Micro Sol, zinashuka sana.

Na vioo usivipige mati wala satini hata siku moja, vizibe kwa tepu ya kuzibia rangi au uvibandike mwisho kabisa baada ya vanishi zote. Vitu vya metali pia, mati inaua metali inakuwa kijivu tu.

rubani_wa_mezani

Yaani sijui niwashukuruje, nimesoma mara tatu. Kwaiyo ni glosi, dikali, glosi, wino wa mistari, alafu satini na mati pale panapostahili. Swali dogo, X-22 yangu ni akriliki, nikipiga juu yake satini ya spreyi ambayo ni laka haitaila? Na kuipima?

fundi_polepole

Ukiipiga nzito itaila, na itakula dikali pia. Mikono miwili ya kwanza iwe ya ukungu tu, ikae kavu kavu, subiri dakika kumi na tano katikati, ndo ya tatu iwe na unyevu kidogo. Ukiogopa basi changanya X-22 na XF-86, ile mati ya Tamiya, upate satini yako mwenyewe, zote ni akriliki hazigombani.

Kupima chukua vijiko vya plastiki, mgongo wa kijiko umepinda kama ubavu wa ndege. Kila kijiko kipige bluu ileile, glosi, dikali moja usioitaka, alafu kimoja glosi, kimoja satini, kimoja mati. Viangalie kwa mwanga wa dirishani na usiku kwa taa.

rubani_wa_mezani

Nimerudi. Vijiko vitano, siku tatu. Cha glosi tupu kizuri mkononi ila nikikiweka kando ya ndege naona taa yote ya dari juu yake. Cha mati bluu imegeuka kijivu kijivu, imepauka kuliko nilivotegemea, ikanisikitisha. Cha X-22 na XF-86 nusu kwa nusu bado kimekufa kidogo. Cha X-22 sehemu tatu na XF-86 sehemu moja ndo chenyewe, mwanga umelala laini kabisa na bluu imebaki bluu, na dikali haionekani mpaka wake hata nikiinamisha. Kile cha tano ni laka ya spreyi, kimetoka vizuri ila sitaki kujaribu bahati na dikali.

Kioo nimekizungushia tepu tayari. Ile ya unga nimeipiga glosi jana maana hewa ilikuwa kavu, dada_mecha weupe umeondoka karibu wote, umebaki kidogo chini ya mkia. Leo usiku naanza glosi ya kwanza kwenye Corsair, picha ntaweka dikali zikishakaa.